Kiberiti, Taya na Mgomo wa Wasichana wa Bow

Chukua njiti ya kiberiti uikwaruze ukutani. Haiwaki. Jaribu sakafuni, kwenye jiwe, kwenye soli ya kiatu: utaivunja tu. Inawaka ubavuni mwa kisanduku chake, basi. Wengi wetu tumekua na jambo hilo mkononi kila siku bila kuuliza sababu. Lakini katikati ya karne ya 19, Mwingereza wa kawaida aliwasha njiti popote alipotaka, hata kwenye makalio ya suruali yake, na raha hiyo ndogo iligharimu mifupa ya nyuso za watu wengine.

Habari yenyewe husimuliwa sana, na kwa kawaida husimuliwa hivi: wasichana wa kiwanda cha viberiti cha Bow, mashariki mwa London, walikuwa wakioza mataya kwa sumu ya fosforasi, mwaka 1888 wakagoma, wakashinda, sumu ikaondoka. Inapendeza ikisimuliwa hivyo. Tatizo ni kwamba hapo yamefungwa pamoja mambo mawili yaliyokwenda kila moja kwa njia yake. Mgomo ulipiganwa juu ya faini, makato na mshahara. Sumu iliendelea kutumika katika kiwanda kilekile kwa miaka 13 baada ya ushindi. Ukiyachanganya, hutaona swali gumu kuliko yote: kama dawa ya tatizo ilikuwa inajulikana tangu 1855, ilikuwaje Uingereza ikangoja hadi 1910?

Kwanza kemia, kwa ufupi. Fosforasi iligunduliwa mwaka 1669 na Hennig Brand wa Hamburg, aliyekuwa akichemsha mkojo kwa wingi akitafuta dhahabu. Dhahabu hakuipata. Alichopata ni kitu kama nta, kinachong'aa gizani na kushika moto chenyewe kikiachwa hewani. Karibu miaka 160 baadaye, mwaka 1827, muuza dawa mmoja wa Stockton-on-Tees, John Walker, alianza kuuza njiti za kwanza za kukwaruza. Zake hazikuwa na fosforasi, zilikuwa ngumu kuwasha na zilirusha cheche, naye hakujisumbua hata kusajili hataza. Mwanzoni mwa miaka ya 1830, Ufaransa na Ujerumani, watu wengine wakachanganya fosforasi nyeupe kwenye vichwa vya njiti. Kazi ikawa imekwisha: mkwaruzo mwepesi tu, popote, moto.

Fosforasi nyeupe huwaka kwenye joto la nyuzi zipatazo 30. Kwa joto la Dar es Salaam mwezi wa Februari, hiyo ni bidhaa ya kuhifadhiwa ndani ya maji, na ndivyo ilivyohifadhiwa. Tena ni sumu kali. Watoto waliolamba vichwa vya njiti walikufa. Ukiipasha moto mahali pasipo hewa inageuka kuwa fosforasi nyekundu, kitu kilekile kwa asili lakini chenye tabia nyingine kabisa: haitoi mvuke wa sumu na haiwaki hovyo. Ugeuzaji huo ulielezwa na Anton Schrötter wa Vienna katika miaka ya 1840. Wasweden wakaona pa kuitumia. Waliiondoa fosforasi kichwani mwa njiti wakaipaka, ile nyekundu, ubavuni mwa kisanduku. Kichwani wakabakiza kemikali inayotoa oksijeni. Unapokwaruza, chembe kidogo sana ya nyekundu inageuka nyeupe kwa msuguano, inawaka, na kuwasha kichwa. Bila ubavu ule hakuna moto. Kiberiti cha usalama cha ndugu wawili wa Jönköping, Johan na Carl Lundström, kilikuwa sokoni mwaka 1855, na kilicho jikoni kwako leo ni mjukuu wake.

Sasa twende kiwandani.

Vijiti vilikatwa virefu, mara mbili ya urefu wa njiti, vikapangwa kwenye fremu na kuchovywa kichwa pande zote mbili katika uji wa fosforasi, gundi na rangi. Vikakaushwa, vikakatwa katikati, vikapakiwa visandukuni. Kuchovya ilikuwa zaidi kazi ya wanaume; kukata na kupakia ni ya wanawake na wasichana. Mvuke wa fosforasi ulijaa vyumba vya kuchovyea na kukaushia, na chembe zake ziliganda kwenye vidole na nguo. Watu walikula mkate wao palepale kwenye meza za kazi. Wengine walifika nyumbani usiku nguo zao zikimeta gizani.

Ugonjwa ulianza kama jino linauma, na hapo ndipo ulipokuwa mjanja, maana maskini gani wa London hakuwa na jino bovu? Jino lililotoboka lilikuwa mlango. Fizi zilivimba, jino likang'olewa, na tundu lake halikupona. Usaha ukaanza kutoka, kwanza mdomoni, halafu kupitia matundu yaliyojifungua kwenye shavu na chini ya kidevu. Mfupa wa taya ulikuwa unakufa ndani ya mtu aliye hai. Vipande vyake vilitoka kimoja kimoja, na harufu yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba mgonjwa alikaa peke yake hata kati ya nduguze. Tiba kuu ya madaktari ilikuwa kuukata mfupa uliokufa, mara nyingine taya lote la chini, na aliyekatwa hivyo akapona aliishi bila kidevu, akila uji. Takriban mmoja kati ya wagonjwa watano alikufa. Wafanyakazi waliuita taya la fosi, kwa kukata jina la fosforasi, kama watu wa kazi yoyote wanavyokata jina la kitu wanachokizoea. Daktari Lorinser wa Vienna alikuwa ameuandika ugonjwa huu mwaka 1845. Hakuna aliyeweza kusema hakuonywa.

Kampuni kubwa kuliko zote Uingereza ilikuwa Bryant & May. William Bryant na Francis May walikuwa Waquaker, wa dhehebu lile ambalo wasomaji wa magharibi mwa Kenya wanalifahamu kama Kanisa la Marafiki, watu wenye sifa ya uaminifu katika biashara. Nao ndio walionunua kwa Lundström haki ya kutengeneza kiberiti cha usalama Uingereza. Walianza wakiwa na jibu mkononi! Kiwanda chao cha Bow kilifunguliwa mwaka 1861 na kilitengeneza kweli kiberiti cha usalama. Ila wateja hawakukitaka vya kutosha. Kilikuwa ghali zaidi, kisanduku kikipotea au kikilowa njiti zinabaki kuni, na watu walikwisha zoea kuwasha popote. Washindani waliendelea kuuza njiti za fosforasi nyeupe kwa bei ya kutupa. Basi Bryant & May nao wakazitengeneza, na hizo ndizo zilizowatajirisha.

Ukitaka kujua bei ya kiberiti ilikuwa jambo zito kiasi gani, tazama mwaka 1871. Waziri wa Fedha, Robert Lowe, alipendekeza kodi ya nusu peni kwa kila njiti 100. Maelfu ya watengeneza viberiti, wengi wao wanawake na watoto, waliandamana kutoka mashariki ya London hadi Bungeni, wakakabiliana na polisi njiani. Malkia Victoria mwenyewe alimwandikia Waziri Mkuu kuipinga. Kodi ikafutwa katika siku chache, na bomba la mapambo la maji ya kunywa likajengwa barabarani Bow kuadhimisha ushindi. Naona jambo la kuudhi hapo. Serikali iliyoweza kurudi nyuma kwa wiki moja kuilinda bei ya njiti ilihitaji miongo minne kulilinda taya la mchovyaji.

Tuje 1888. Kampuni ilikuwa imekwisha kuwa ya hisa, na wenye hisa walikuwa wakila gawio la zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka. Mwezi Juni, katika mkutano wa wasoshalisti wa London, jina lake lilitajwa, na mwandishi Annie Besant akaenda Bow kuzungumza na wasichana wanapotoka kazini. Makala aliyoichapisha tarehe 23 Juni ina mambo madogo madogo yanayouma kuliko hotuba. Msichana wa miaka 16 analipwa shilingi 4 kwa wiki. Shilingi hizo, mama wa shilingi zetu, zilikuwa 20 kwa pauni, na kila moja ina peni 12. Anaishi chumba kimoja na dada yake, wa kiwanda hichohicho, na kodi ni shilingi 2. Asubuhi chai na mkate wa siagi, mchana chai na mkate wa siagi. Lakini mara moja kwa mwezi, alimweleza Besant macho yakicheza, huenda mahali wanapopewa kahawa, mkate, jamu na mamaledi, tena kwa wingi.

Halafu faini. Miguu michafu, peni 3. Kuacha njiti chache mezani ukienda kuchukua fremu nyingine, peni 3. Kuzungumza, katika idara fulani, peni 3. Ukichelewa unafungiwa nje nusu siku na kukatwa peni 5 katika peni 8 zako za siku. Msichana mmoja alipigwa faini ya shilingi nzima kwa kuiacha mashine ijinyonge ili kuokoa vidole vyake. Aliambiwa atunze mashine, vidole aviache. Wengine walibeba visanduku kichwani mpaka nywele zikalika, wakawa na upara kabla hawajafika miaka 16. Na kulikuwa na sanamu: mwaka 1882 mmoja wa wakurugenzi, Theodore Bryant, aliipa jumuiya ya Bow sanamu ya Gladstone, Waziri Mkuu wa wakati huo, na wafanyakazi walisema shilingi moja ilikatwa katika mishahara ya kila mmoja kuigharimia. Kinachosimuliwa ni kwamba baadhi yao walijikata mikono wakamwaga damu juu yake. Kuhusu damu siapi. Ila sanamu iko pale hadi leo, na watu huja kuipaka mikono rangi nyekundu, ikisafishwa wanaipaka tena.

Angalia sasa makala ile inakoelekea: mshahara, faini, makato, gawio. Nguvu yake yote iko huko. Taya la fosi silo lililowasha moto.

Kampuni ilijibu kwa kuwataka wafanyakazi watie saini karatasi inayosema makala ni uongo. Walikataa. Mwanzoni mwa Julai mmoja alifukuzwa kazi, na wenzake wakatoka nje. Katika siku chache wanawake na wasichana wapatao 1,400 walikuwa barabarani. Kwa muda mrefu vitabu vilimpa Besant sifa ya kuongoza. Ukweli ni kwamba yeye hakuwa ameita mgomo. Alichotaka ni watu wenye uwezo wasusie bidhaa, na habari ya kutoka nje ilimfikia baada ya kutokea. Utafiti wa karibuni wa mwanahistoria Louise Raw umewarudisha mbele wenyewe: Sarah Chapman, Mary Driscoll, Alice Francis, Kate Slater, Jane Wakeling na Eliza Martin. Wengi wa wafanyakazi wale walikuwa wa asili ya Ireland, waliokaa mitaa ileile, ndugu na majirani wa wapagazi wa bandari. Mtu asishangae kwamba mwaka uliofuata bandari nzima ya London iligoma.

Wajumbe walikwenda Bungeni kuzungumza na wabunge. Baraza la vyama vya wafanyakazi la London likaingia kati, na tarehe 17 Julai masharti yakakubaliwa: faini zote kufutwa, makato ya brashi na vifaa kufutwa, malalamiko kupelekwa moja kwa moja kwa wakurugenzi badala ya kuishia kwa wanyapara, mtu yeyote asiadhibiwe kwa kugoma. Wakaunda chama chao, mojawapo ya vyama vikubwa vya wanawake nchini wakati huo. Kwa wasichana ambao magazeti yaliwaita watoto wa mitaani, huo ni ushindi, na sitaki kuupunguza hata nukta.

Katika masharti yale lipo moja tu linalogusa sumu: wapewe chumba cha pekee cha kulia chakula. Ni jambo la akili, maana mkate wenye fosforasi ulikuwa njia mojawapo. Lakini mvuke ulibaki, na uji ule mweupe ulibaki kwenye mabirika ya wachovyaji.

Waliofuata kuligusa jibu walikuwa Jeshi la Wokovu. Mwaka 1891 mwanzilishi wake, William Booth, alifungua kiwanda chake Old Ford, si mbali na pale, kikitumia fosforasi nyekundu peke yake, na kuwalipa wafanyakazi peni 4 kwa kila visanduku 144 wakati wengine walikuwa wakilipa zipatazo 2 na nusu. Kiwanda kilikuwa safi, wageni walikisifu, na viberiti vyake havikuuzika vya kutosha. Baada ya miaka kumi kilifungwa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoamini kwamba mnunuzi mwenye huruma atarekebisha soko. Mama wa East End, mashariki ya London, mwenye nusu peni ya kiberiti hakuwa na nafasi ya kuchagua kwa dhamiri. Alinunua kinachowaka na cha bei nafuu. Maskini walikuwa wakiwasha jiko kwa njiti zilizowaua maskini wenzao, na hilo si kosa lao.

Mwaka 1898 siri ikatoka. Sheria ilikwisha kuwataka waajiri wautaarifu ukaguzi wa viwanda kila anapopatikana mgonjwa wa fosforasi. Bryant & May walipatikana wameficha wagonjwa 17 katika miaka iliyotangulia, sita kati yao wakiwa wamekufa. Faini ilikuwa pauni 25 na shilingi 9. Gawanya mwenyewe kwa vichwa.

Sababu za kuficha si ngumu kuzielewa, na hazikuwa za upande mmoja. Kampuni iliogopa magazeti. Mfanyakazi naye aliogopa kusema jino linauma, kwa sababu aliyesema alitakiwa aling'oe au aache kazi, na aliyeacha kazi hakuwa na pa kwenda. Kwa hiyo alinyamaza hadi taya likamsemea. Serikali ilipounda kamati ya wataalamu, akiwemo daktari Thomas Oliver, ripoti yao ya 1899 ilieleza hatari waziwazi, lakini kilichotoka humo kwanza kilikuwa kanuni: feni, mabeseni ya kunawia, ukaguzi wa meno. Marufuku ilionekana kuwa kuingilia biashara, na viwanda vya Ubelgiji na Sweden, ilisemwa, vingechukua soko. Hoja hiyo ya mshindani wa nje ni ya kale na haizeeki.

Finland ilikuwa imepiga marufuku fosforasi nyeupe katika viberiti mwaka 1872, Denmark mwaka 1874. Ufaransa, ambako viberiti vilikuwa mali ya serikali na kila mgonjwa alidai fidia kwa mwenye mali huyo, ilikuwa na haraka kuliko Uingereza: mwaka 1898 wakemia wake wawili, Sévène na Cahen, walitengeneza njiti inayowaka popote kwa mchanganyiko wa fosforasi na salfa usio na sumu ile. Hoja ya mwisho ya wenye viwanda, kwamba wateja wanataka njiti ya kuwasha popote, ilifia hapo. Bryant & May waliiacha fosforasi nyeupe mwaka 1901. Mataifa saba yakatia saini mkataba wa Bern mwaka 1906, Uingereza ikasita, ikapitisha sheria mwaka 1908, na sheria ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1910.

Ukiyaweka yote hayo mezani, kilichoiondoa sumu ni vitu vitatu vilivyokutana: mbadala wa bei ileile, kashfa iliyofika gazetini, na sheria iliyombana kila mwenye kiwanda kwa wakati mmoja ili mwema asiumizwe na mbaya. Mgomo haukuwa mojawapo. Mgomo ulifanya jambo jingine, la kuwafanya wasichana wale wasikilizwe, na jambo hilo linatosha bila kuongezewa sifa za mwenzake.

Kiwanda cha Bow kilifungwa mwaka 1979. Majengo ya matofali mekundu sasa ni fleti za watu wenye kipato kizuri, na tangu 2022 kuna kibao cha buluu ukutani kinachoutaja mgomo.

Taya la fosi lilidhaniwa limezikwa kabisa, hadi mwaka 2003, wapasuaji wa mdomo wa Marekani walipoanza kuripoti wagonjwa wenye mfupa wa taya uliokufa na kutokeza nje ya fizi baada ya kung'olewa jino. Hakuna aliyewahi kukanyaga kiwanda cha viberiti. Walichoshirikiana ni kundi la dawa ziitwazo bisfosfoneti, ambamo zimo alendroneti na asidi ya zoledroniki, wanazopewa watu wenye mifupa dhaifu ya uzeeni na wagonjwa wa saratani iliyoingia mifupani. Ndani ya dawa hizi mna fosforasi, iliyofungwa kwa namna nyingine. Zinafanya kazi kwa kuzizuia seli zinazokula mfupa wa zamani, na hiyo ndiyo faida yake: mfupa haulainiki. Lakini taya ni mfupa unaojikarabati kwa kasi kuliko mingi, tena unaishi ukuta kwa ukuta na vijidudu vya mdomoni. Ukizuiwa ukarabati na hapohapo jino likang'olewa, kidonda kinaweza kukosa wa kukifunga. Madaktari waliosoma maelezo ya karne ya 19 waliona picha ileile.

Hatari hiyo ni ndogo kwa bibi anayemeza kidonge cha mifupa mara moja kwa wiki, na ni kubwa zaidi kwa mgonjwa wa saratani anayechomwa dozi kubwa kwenye mshipa. Faida ya dawa kwa wengi inaizidi mbali, kwa hiyo asije mtu akaacha dozi yake kwa sababu ya makala haya. Ushauri wa madaktari ni rahisi: kabla ya kuanza dawa hizo, nenda kwa daktari wa meno, jino bovu ling'olewe na kidonda kipone kwanza. Na ukiwa umekwisha kuanza, siku unapokwenda kung'oa jino, mtajie dawa unayotumia kabla hajashika koleo.